Ukija Tanga, Uliza Maji Kwanza: Majibu kwa Wasomaji

Likizo ya Desemba inakaribia, na nusu ya barua nilizopokea mwezi huu zinauliza habari za Tanga. Nimefurahi, maana huku ndiko nilikozaliwa. Nimechagua saba zinazogusa mambo ambayo wengi huniuliza.

Dada, salaam. Tunakuja Tanga siku nne na wanangu watatu, mdogo ana miaka sita. Wameshaniambia hawataki makumbusho, wanataka bahari. Tuogelee wapi? – Mama wa watatu, Morogoro

Mama, karibuni sana. Nikwambie mapema ili watoto wasije wakavunjika moyo: Tanga mjini haina ufukwe mrefu wa mchanga mweupe. Mji umekaa ndani ya ghuba, na kingo zake ni mikoko, tope na mawe ya matumbawe. Watu wa mjini huogelea Raskazone, upande wa mashariki. Huko kuna klabu zenye ngazi za kushukia majini, vyoo na maji baridi ya kujisuuza. Unalipa kiingilio, unakaa kivulini, unawaona watoto wako wote watatu kwa jicho moja.

Lakini kabla ya kufunga mkoba, uliza maji. Hapa kwetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunakuwa na bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne au saa tano. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Baada ya wiki moja hivi mambo yamegeuka: maji yanajaa asubuhi saa nne, ila kwa unyonge, hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo tunayaita maji mafu.

Kwa hiyo mkifika siku za bamvua, ogeleeni kuanzia saa tisa alasiri. Niliwahi kuona familia imeshuka saa nne na nusu asubuhi, watoto wamevaa maboya yao kiunoni, wamejipaka mafuta, wakakuta tope tupu na mamia ya kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakikimbilia mashimoni. Yule mdogo alilia mpaka nikamwonea huruma. Mama yake angemuuliza mvuvi yeyote usiku uliotangulia, angejibiwa kwa sentensi moja.

Katika siku zenu nne, tengeni mbili za kulala Ushongo, kusini ya mto Pangani. Huko ndiko kwenye mchanga na minazi ambayo watoto wameiota. Desemba kaskazi inaanza kuvuma, bahari inatulia na maji yana uvuguvugu mzuri. Wanunulie watoto yeboyebo za kuingia nazo majini, kwa sababu wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi hujificha kwenye mawe, na mwiba wao ukivunjikia kwenye unyayo, safari imeisha.

Dada, nina siku moja tu mjini Tanga, nikitokea Dodoma kikazi. Nione nini? – Kijana, Dodoma

Wenyewe tuna msemo kuhusu mji wetu, "waja leo waondoka leo," nami kila nikiusikia natamani mgeni aongeze walau usiku mmoja. Ila kama ni siku moja, asubuhi nenda Mapango ya Amboni, kama kilomita nane kutoka mjini, njia ya kwenda Horohoro. Ni mapango ya chokaa. Yako kama kumi, na wageni hutembezwa katika moja. Utaingia na mwongozaji mwenye taa, utainama sehemu fulani, utasikia popo juu ya kichwa chako. Kuna mahali utakuta vitu vilivyoachwa na watu waliokuja kutambika. Usivishike wala usivipige picha kabla ya kuuliza.

Jioni tembea mjini kwa miguu, au ukodi baiskeli, maana Tanga ni tambarare na kila mtu anaendesha, kuanzia wazee wenye kanzu hadi akina mama wenye vikapu. Shuka hadi kwenye bustani zinazotazama bandari. Kile kisiwa chenye miti mbele yako ni Toten, jina la Kijerumani lenye maana ya wafu. Kina magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Novemba 1914 jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India wapatao 8,000, lilishuka katika pwani hii likashindwa na kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika wapatao 1,000 tu. Katikati ya risasi nyuki walitoka mizingani wakawavamia watu, ndiyo maana wengine huyaita mapigano ya nyuki.

Kisha malizia Ngamiani, ambako barabara zina namba badala ya majina. Kaa barazani, kunywa kahawa, sikiliza watu wanavyozungumza.

Sijawahi kula pweza. Nisipomtaka, kuna nini kingine? – Mwalimu, Mwanza

Mwalimu, mjaribu kwanza! Pweza aliyepikwa vizuri ni laini. Siri yake ni kupigwa sana kabla ya kupikwa. Jioni utamkuta barabarani kwenye vijiti, juu ya makaa, na bakuli la supu pembeni lenye ndimu na pilipili. Wanaomtafuta hutembea juu ya mwamba maji yakiwa yamepwa kabisa, fimbo mkononi, wakichungulia kila tundu, kwa hiyo siku za bamvua ndizo siku za pweza wa kutosha.

Ukimkataa, omba samaki wa kupaka. Samaki anachomwa kwanza, kisha anapakwa tui zito lililotiwa viungo na ukwaju, anarudishwa motoni, anapakwa tena. Ule na wali wa nazi au mkate wa kumimina. Asubuhi ni vitumbua na mihogo ya nazi. Ukitaka samaki mbichi wa kwenda kumpikisha, wahi soko la Deep Sea asubuhi, vyombo vinaporudi.

Na njiani, ukipita Muheza, nunua machungwa. Ganda likiwa la kijani usidhani ni mabichi. Mwambie muuzaji akumenyee moja hapo hapo, ndipo uamue kiasi cha kubeba.

Shangazi, shikamoo. Mimi na wenzangu wawili tunataka kufika Pangani bila gari binafsi. Inawezekana kwenda na kurudi siku moja? – Mwanafunzi, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Inawezekana, lakini msifanye hivyo. Pangani iko kama kilomita 50 kusini ya Tanga na magari ya abiria yapo, ila njia hiyo imekuwa kwenye ujenzi wa lami na muda wa safari hubadilika. Ulizeni gari la mwisho la kurudi kabla hamjapanda la kwenda. Afadhali mlale usiku mmoja kwenye gesti za mjini. Si ghali kama hoteli za ufukweni.

Pangani ni mji mdogo uliozeeka vizuri. Kuna boma la zamani, milango ya mbao iliyochongwa, na mto uliotoka Kilimanjaro na Meru unaoingia baharini mbele ya macho yenu, maji ya udongo yakikutana na maji ya chumvi. Hapa ndipo Abushiri bin Salim alipoanza kupambana na Wajerumani mwaka 1888, na hapa hapa ndipo walipomnyonga tarehe 15 Desemba 1889. Tembeeni hapo mkilijua hilo, mji mtauona kwa macho mengine.

Mkitaka Ushongo, mnavuka kwa pantoni hadi Bweni, mpaka daraja litakapokamilika, kisha bodaboda. Patana bei kabla ya kupanda. Njiani mtapita mkonge, mistari kwa mistari. Mkonge wote wa nchi hii ulianzia huku: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani.

Kama mna fedha kidogo zaidi, changeni mkodi boti mpande mto jioni. Minazi imeinamia maji pande zote, na mjini mtarudi taa zimeshawashwa.

Binti yangu, mwezi wa nane tulikodi boti kwenda Kisiwa cha Maziwe. Tukafika saa kumi jioni, tukakuta maji matupu. Nahodha akasema kisiwa kimefunikwa. Je, tuliibiwa? – Mstaafu, Arusha

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Kuhusu kisiwa hakukudanganya. Alichokosea ni kukupeleka saa ile, na hilo alilijua kabla ya kupokea fedha yako.

Maziwe iko kilomita nane hivi kutoka pwani ya Ushongo. Zamani ilikuwa kisiwa kamili, chenye mivinje, na kasa wa aina tatu walikuja kutaga. Miti ilitoweka, mchanga ukakosa kishikizo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakubaki ila fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa hawakuambiwa. Wanaendelea kuja, na watu wa uhifadhi huyahamisha mayai yao hadi ufukweni Ushongo, vinginevyo maji yangeyafunika yote. Kila nikilifikiria hili moyo unaniuma, kwa sababu wazee wa Pangani waliopumzika chini ya ile mivinje bado tunao.

Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa siku ya tatu ya mwezi. Tuliondoka Ushongo saa mbili asubuhi. Kwa muda mrefu sikuona kitu. Kisha ukatokea mstari mweupe, kama mtu amepitisha chaki juu ya maji, na tulipokaribia ukawa mgongo wa mchanga wenye ndege wa baharini waliosimama wote wameelekea upepo. Tukazamia na miwani kwenye matumbawe pembeni, samaki wa rangi zote, mpaka nikasahau muda. Mchanga ndio ulionikumbusha: kabla ya saa saba tulikuwa tumehamisha kikapu cha chakula mara tatu.

Ukirudi, nenda siku za bamvua, uwe umefika saa tatu na nusu. Agosti kusi inavuma kwa nguvu, kwa umri wako boti itakuchosha bure. Njoo kati ya Desemba na Februari. Maziwe ni hifadhi ya bahari na kuna ada ya kuingia, kwa hiyo dai risiti. Na muulize nahodha, "Maji yanapwa saa ngapi?" Akisita kujibu, tafuta mwingine.

Dada, ni lazima nijifunike kichwa nikiwa Tanga? – Msichana, Iringa

Si lazima. Ufukweni na kwenye klabu za kuogelea vaa nguo zako za kuogelea. Ukitoka hapo kwenda mitaani au vijijini, jifunge kanga juu, funika mabega na magoti. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Ukifanya hayo, watu watakukaribisha futari hata hawakujui.

Bi mkubwa, sisi huku tumezoea Gede. Je, Tongoni ina jipya la kuniletea toka Mombasa, ama ni magofu yale yale? – Msomaji, Mombasa

Ndugu yangu, ukubwa hautalinganisha. Gede kwenu Kenya ni magofu ya mji mzima, Tongoni yetu, kwenye njia ya Tanga kwenda Pangani, ni msikiti mmoja na makaburi kama 40. Lakini makaburi ndiyo sababu ya kuja. Mengi yana nguzo, na nguzo nyingi zimeanguka zikalala vipande vipande kwenye majani. Tafuta kipande chenye duara lililozama kwenye chokaa, upana wa bakuli la uji. Mlikuwa mmepachikwa bakuli la kauri kutoka ng'ambo, na limeng'olewa. Pitisha kidole ndani ya duara hilo, utahisi ukingo ulivyo laini bado, kazi ya fundi wa karne nyingi zilizopita.

Na usiondoke bila kutazama bahari. Aprili 1498, jahazi la São Rafael katika msafara wa Vasco da Gama lilikwama kwenye mafungu ya pwani hii kabla ya kupambazuka, likangoja mpaka maji yajae ndipo likaelea. Januari mwaka uliofuata, wakiwa njiani kurudi kwao, mabaharia wakiwa wamebaki wachache, walilichoma moto papa hapa. Wakati ule wa kukwama, wenyeji waliwaendea na mashua iliyojaa machungwa, na Wareno wakaandika kuwa ni mazuri kuliko ya kwao.

Na ukitokea Tanga mjini, kabla hujafika Tongoni, utapita Machui, alikozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Wewe ni mtu wa Kiswahili, simamisha gari umsomee Fatiha.