H-indeksi ya Ohsumi inapigwaje, na inatosha kuonyesha mchango wake?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nasoma masta ya baiolojia, nimepewa kazi ya kuandika kuhusu mwanasayansi mmoja wa seli na mchango wake kitaaluma, nikamchagua Yoshinori Ohsumi wa Japani. Supavaiza anataka niweke h-indeksi yake. Inapigwaje hiyo, na nikishaiweka itakuwa imetosha?

JIBU: Marahaba. Kuipiga ni rahisi, ila kutosha haitoshi, na kwa huyo uliyemchagua utaona wazi kwa nini.

Hesabu kwanza. H-indeksi ni namba moja inayotazama kwa pamoja wingi wa pepa za mtu na saitesheni zake, yani mara ambazo wengine wamezinukuu. Unapanga pepa za mtu kuanzia ile iliyonukuliwa sana kushuka chini, unazipa namba 1, 2, 3 na kuendelea, unasimama pale namba ya pepa inapozidi saitesheni zake. Tuseme mtu ana pepa tano zenye saitesheni 40, 22, 9, 5 na 3. Ya nne ina 5 kwa hiyo inapita, ya tano ina 3 tu haifikishi 5, basi h yake ni 4. Aliyeileta ni mwanafizikia Jorge Hirsch, mwaka 2005. Sasa ile ya 40 ipe saitesheni 4,000 uone: h inabaki 4 vilevile, yani pepa iliyofungua fani nzima inahesabika moja tu sawa na yoyote iliyovuka mstari.

Na Ohsumi ana pepa ya namna hiyo. Kazaliwa Fukuoka 1945, maabara yake mwenyewe kaipata 1988 pale Chuo Kikuu cha Tokyo akiwa na miaka 43, umri ambao wenzake wengi walishajijenga kitambo. Akaamua kuchunguza vakyuoli ya hamira, yani kile kifuko kikubwa ndani ya seli yake, ambayo wengi walikuwa wanaiona kama jalala la seli tu. Autofaji yenyewe, yani seli kuvunja vitu vyake vya ndani ili ivitumie tena, ilishapewa jina na Christian de Duve tangu 1963, ila jeni zake hakuna aliyekuwa anazijua. Ohsumi akachukua hamira isiyo na vimeng'enya vya kuvunja protini ndani ya vakyuoli, akainyima naitrojeni, akaweka kwenye hadubini ya kawaida ya mwanga, na ndani ya masaa machache vakyuoli ikajaa viduara vidogo vinavyochezacheza, maana mzigo unaingia na hakuna wa kuuvunja. Kwa mara ya kwanza autofaji ya hamira ikaonekana kwa macho, na hiyo ikatoka 1992.

Hapa ndo napenda uandike kwa kirefu. Kama unaweza kuviona viduara, unaweza pia kutafuta hamira ambayo jeni yake imeharibika na viduara havitokei. Wakapata ya kwanza, wakagundua ikinyimwa naitrojeni inakufa mapema kuliko nyingine, wakatumia hicho kifo kama chujio la kuzipata zilizobaki, jumla zikawa jeni 15. Yeye na Miki Tsukada wakachapisha 1993 kwenye FEBS Letters, jarida la heshima ila siyo lile la kupigiwa kelele kama Nature. Impakti fakta ya kawaida, ile namba ya kulipima jarida, inaangalia saitesheni za pepa za miaka miwili iliyopita tu, wakati hii ilihitaji muda: jeni zisomwe moja moja, maabara yake ionyeshe protini zake zinavyoungana, 1998 na 2000, kisha watu waone binadamu naye anazo. Nobel ikaja 2016, akapewa peke yake.

Kwa hiyo onyesha watu wanafanya nini leo na kazi yake. Jeni zile sasa zinaitwa ATG dunia nzima. Maabara ikitaka kujua kama autofaji inaendelea kwenye seli za binadamu inapima protini LC3, ndugu wa Atg8 ya hamira, protini inayotokana na mojawapo ya jeni hizo. Mwaka 2004 ikaonekana autofaji inasaidia seli za kinga kumdhibiti bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa tunaoujua sana huku kwetu. Huo ndo mchango, na hakuna namba moja inayoubeba wote. Wanabaiolojia ya seli wenyewe walishalisemea hili: tamko la DORA la kupinga kumpima mtafiti kwa impakti fakta ya jarida lilianzia kwenye mkutano wao San Francisco mwaka 2012.

Supavaiza akiitaka h we mwekee, ila andika umeitoa wapi na tarehe gani, maana Google Scholar huwa inatoa kubwa kuliko Scopus, hifadhidata nyingine ya pepa, kwa sababu inahesabu mpaka tasnifu na vitabu. Na ukisachi "Y Ohsumi" kagua pepa moja moja, kuna wengine wenye jina hilohilo wasije wakaingia kwenye hesabu yako.