Kocha wa Northwestern ni yuleyule

Je, Northwestern, chuo kikuu cha Marekani, kilishinda ubingwa wake wa kwanza na wa 2023 chini ya kocha mmoja? Ndiyo, kocha mkuu aliyeipa timu yake ya wanawake ubingwa wa NCAA (mashindano ya vyuo vya Marekani) wa lakrosi, mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu, mwaka 2023 ndiye aliyeshinda nayo ule wa kwanza 2005: Kelly Amonte Hiller. Mumewe, Scott Hiller, ni msaidizi wake kwenye benchi. Mama huyu aliikuta timu inafufuliwa, ikarudi mashindanoni 2002, na miongoni mwa wachezaji wake wa mwanzo walikuwamo mapacha aliowaona chuoni ambao hawakuwahi kushika fimbo ya lakrosi! Ila hakubeba kombe kila mwaka kati ya 2005 na 2012. La 2010 lilikwenda Maryland, chuo alichochezea yeye mwenyewe.