Helsinki na watoto, Desemba

Dada, siku tatu za Helsinki mwezi Desemba na watoto wa miaka mitatu na saba zinatosha kabisa, ila usipange kama unakwenda Roma. Kwenye tarehe 21 jua huchomoza karibu saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa na robo limeshazama. Kwa hiyo mambo ya nje yafanyeni kati ya saa nne na saa nane mchana, mengine yawe ndani.

Ndani, ningeanza na maktaba ya Oodi, jirani na stesheni kuu. Haina kiingilio, na ghorofa ya juu ina sehemu kubwa ya watoto. Mnaweza kumaliza nusu siku humo bila mtu kuwauliza mnatafuta nini. Nje, pandeni kivuko cha kwenda Suomenlinna, ngome ya zamani iliyo visiwani, robo saa tu majini, kwa tiketi ileile ya tramu. Kule upepo ni mkali, msikae sana.

Huyo mdogo mchukulie kigari hata kama anatembea vizuri: mtu mzima anayemsukuma mtoto wa chini ya miaka saba kwenye kigari halipi nauli ya tramu wala basi.

Nguo: ya ndani iwe ya sufu, siyo pamba, maana pamba ikilowa jasho inamgandisha mtoto. Buti zizidi kidogo ili soksi nene iingie.

Na epukeni tarehe 24 hadi 26, maduka na mikahawa mingi hufungwa.