Mwanangu, kuhusu hiyo kazi ya ekstra

Mamangu,

Assalamu alaikum. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mpaka mwisho, nikaona nikujibu kwa maandishi ili uweze kurudia ukitulia. Umesema umeitwa uwe ekstra, yaani mtu wa kujaza umati asiye na maneno ya kusema, kwenye filamu itakayopigwa huko Naivasha kwa wiki mbili, mwenye duka hataki kukupa ruhusa ya siku zote hizo, na mwenzako amekwambia ukizoea kusimama nyuma utabaki nyuma. Wataka kujua kama kazi hiyo itakusogeza kwenye uigizaji au itakupotezea wakati.

Jibu langu ni hili: nenda siku zile utakazopewa ruhusa, na kazi ya duka usiiache.

Wajua niliwahi kushona maleba ya tamthilia iliyopigwa hapa Mji wa Kale, Mombasa. Fundi wa maleba hakai mbali na kamera, maana kifungo kikikatika ni yeye anayeitwa. Basi nilikaa barazani na sindano yangu nikawatazama wale ekstra kutwa. Waliitwa kabla ya alfajiri, na jua lilikuwa limeshapanda sana ndipo wakaanza kupangwa: wewe beba kikapu upite, wewe simama kwa muuza kahawa, nyinyi wawili zungumzeni pale mlangoni. Na kuzungumza kwenyewe ni kwa midomo tu, bila sauti, kwa sababu vinasa sauti vinawafuata wenye maneno. Kelele za watu huongezwa baadaye. Kisha rudia. Rudia tena, na kikapu kiwe mkono uleule, la sivyo picha hazitaungana. Kijana mmoja aliyekuwa akiitupia kamera jicho alitolewa akakaa kando mpaka jioni. Aliyewapanga alikuwa msaidizi wa muongozaji. Muongozaji mwenyewe alikuwa mbele ya skrini yake, macho kwa wale wawili wenye maneno, na sikumwona akimuuliza ekstra hata mmoja jina lake.

Sisemi hivyo kuidharau kazi hiyo. Ekstra ni kama bitana: nguo haikai vizuri mwilini bila hiyo, lakini ikichungulia nje fundi ameharibu. Ni riziki ya halali, na mji usio na watu hauaminiki kwenye picha. Ila wewe hukuniuliza kuhusu riziki. Umeniuliza kuhusu uigizaji, na uigizaji wataka utazamwe, usikilizwe, umjibu mwenzako neno alilokurushia sasa hivi. Ekstra anaombwa kinyume cha hayo. Akifanya kazi yake sawasawa, hakuna atakayemkumbuka. Basi huyo muongozaji atajuaje kuwa unaweza?

Hata hivyo kuna faida, ndiyo maana nimekwambia nenda. Utajua seti, pale picha zinapopigwa, inavyoendeshwa, nani anaamrisha nini, kwa nini taa zinahamishwa kwa saa nzima kwa ajili ya sentensi moja. Utawaona waigizaji wakubwa wakirudia tendo lilelile mara nyingi bila kupoa. Siku utakapopewa maneno yako hutababaika na kamba za umeme na watu arubaini waliokuzunguka. Lupita Nyong'o, kabla dunia haijamjua, alifanya kazi ya usaidizi kwenye filamu The Constant Gardener ilipopigwa hapa kwetu Kenya, ikatoka 2005. Hakuwa mbele ya kamera hapo, alikuwa akijifunza. Lakini angalia alichofanya baadaye: aliigiza kwenye tamthilia ya Shuga mwaka 2009, akaenda kusomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, akamaliza 2012, na Oscar akaipata 2014. Seti ilimfungua macho, na ufundi akaenda kuutafuta kwa walimu na kwa kuigiza.

Najua utaniletea hadithi za mastaa walioanza kama ekstra, na ni za kweli. Matt Damon na Ben Affleck walikuwa ekstra kwenye Field of Dreams ya 1989, wameketi katikati ya umati wa uwanja wa Fenway Park huko Boston. Umati ule ulikuwa na watu wengi, na wengine wao hatuna habari zao. Wawili hawa waliinuliwa na hadithi waliyokaa wakaiandika wenyewe na kuiigiza, Good Will Hunting ya 1997, ikawapa Oscar ya uandishi. Kwa hiyo ukisikia fulani alianza kama ekstra, uliza alifanya nini siku ambazo hakuitwa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Barkhad Abdi, maana habari yenyewe iliishia bandarini petu. Wakumbuka Aprili 2009 ile meli ya Maersk Alabama ilipotekwa na maharamia ikiwa njiani kuja Mombasa? Ilipotengenezwa filamu yake, Captain Phillips ya 2013, huyu Msomali aliyekuwa akiishi Minneapolis na hajawahi kuigiza alikwenda kwenye odisheni ya wazi, yaani majaribio ya kuchagua waigizaji, akashindana na mamia ya watu, akapewa nafasi ya kiongozi wa maharamia. Akateuliwa kuwania Oscar na akashinda BAFTA, tuzo ya filamu ya Waingereza. Hakupitia kwenye umati. Alipanga foleni ya watu wanaotaka kusema, akafungua mdomo. Nakutaka kwenye foleni hiyo, mamangu. Hata ukirudi nyumbani bila kitu mara kumi, kila mara utakuwa umeigiza mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kuchagua, na hao watu husahau majina lakini uso uliowagusa hawausahau upesi.

Jambo jingine ambalo mwenzako hakukwambia. Kwenye tamthilia ndefu, uso wako ukionekana vizuri kama muuza mboga, itakuwa vigumu kukurudisha baadaye uwe dada yake mhusika mkuu. Kwa hiyo kama kuna tamthilia unayoitamani kwa dhati, usiingie kwa mlango wa ekstra. Ngoja odisheni. Na hizo siku za ekstra usiziandike kwenye wasifu wako kana kwamba ulikuwa na nafasi. Wanaochagua wanajua tofauti, watakuona unawadanganya.

Wala usipange maisha kwa kufuata filamu za kigeni. Zinakuja na kuondoka, na nyingine hazifiki kabisa: ule mkimbizano wa Mombasa kwenye Inception ya 2010 ulipigwa Tangier, Moroko. Mji wetu ulitajwa, kibarua wakapata wengine.

Kitu ambacho hawawezi kukupora ni ulimi wako. Umekulia Majengo, Kiswahili unacho cha kunyonya, na tamthilia za runinga za nchi hii zinakihitaji. Rashid Abdalla na Lulu Hassan, tuliozoea kuwaona wakisoma habari, kampuni yao ya Jiffy Pictures imetoa Maria na Sultana, na watu wameona kuwa hadithi za Kiswahili zina watazamaji kila kona ya Kenya. Huko Nairobi usiulegeze ulimi wako ili ufanane na wenzako. Soma kwa sauti kila usiku. Tafuta kundi la jukwaani hata kama halilipi, maana jukwaani hakuna wa kukusimamisha urudie ukikosea, na utajifunza kumsikiliza mwenzako. Ukija likizo, Little Theatre Club hapa Mombasa bado ipo, na kwenye kituo cha Swahilipot karibu na Fort Jesus vijana wanakutana kwa sanaa zao. Nitakupeleka mwenyewe kama unaona haya.

Sasa hiyo safari ya Naivasha. Mwombe mwenye duka siku tatu au nne, usimwombe wiki mbili. Ukiambiwa lipa ada ya kujiandikisha ndipo upewe kazi, ondoka. Mwenye kazi ya kweli ndiye anayekulipa wewe. Uliza kabla hujapanda gari: malipo ni kiasi gani kwa siku, yanaingia lini kwenye M-Pesa, chakula kipo, na mkichelewa usiku mnarudishwaje. Siku ile Mji wa Kale niliwaona wasichana wameachwa barabarani saa nne usiku, kila mmoja atafute njia yake ya kurudi Kisauni, na sitaki wewe yakufike ukiwa ugenini. Nenda na mwenzako mmoja. Mtu akikuita faragha kukuahidi maneno kwenye filamu, mjibu kwamba odisheni hufanywa mchana, mbele ya watu.

Nitumie jina la hiyo kampuni na nambari ya aliyekuita kabla ya Ijumaa. Mjomba wako ana rafiki anayeendesha matatu za Naivasha, atakuulizia mahali penyewe na pa kulala. Na ile karatasi ya odisheni uliyosema imebandikwa chuoni, ipige picha uniletee niione tarehe.

Mamako