Mko kumi na onyesho ni saa 1 usiku: mle wapi?

Tiketi zikishapatikana, swali linalofuata kwenye kundi letu la WhatsApp ni lilelile: "Tunakula wapi kwanza?" Kazi ya kulijibu nimeachiwa mimi kwa muda mrefu, na msimamo wangu haujabadilika. Kabla ya onyesho, baa huchaguliwa kwa kasi ya jiko lake na umbali wake na ukumbi. Ile yenye nyama ya kusifika mji mzima iwekeeni siku ambayo hakuna anayetazama saa.

Chukua ukumbi wa Mlimani City hapa Dar es Salaam. Mtu akiusikia tu, mawazo yanakimbilia Sinza, na ana haki, maana Kijiweni na Mori moshi wa nyama unaanza kupanda mapema. Kwenye ramani ni jirani kabisa. Ijumaa saa 12 jioni ujirani huo haupo: Shekilango imesimama, Bamaga imesimama, na pale Mwenge magari yanasogea kwa zamu. Watu kumi mtagawana bajaji na magari, wengine watafika, wengine bado wako njiani taa za ukumbini zinazimwa. Kwa hiyo siku ya kazi natafuta baa upande uleule wa ukumbi, Mwenge au Survey, ili foleni ikikaza tutembee kwa miguu. Onyesho likiwa Diamond Jubilee kule Upanga, wanaotoka Masaki wamepata nafuu tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, lakini hata hao nawashauri wavuke kwanza ndipo wale.

Jambo la pili, ambalo wengi hawalijui mpaka wakae sana wakisubiri: kwenye baa nyingi jiko si la mwenye baa. Limepangishwa. Mhudumu anayekuletea soda na bia ni wa kaunta, na ukimwagiza nyama anaipeleka oda kwa mtu mwingine ambaye pengine ana oda nyingine nyingi mbele yako. Nenda jikoni mwenyewe. Ongea na mchomaji, muulize kipi kiko motoni tayari, na nyama ipimwe mbele yako. Mbuzi mbichi anayeanza kuchomwa sasa hivi mpe saa nzima. Kuku wa kienyeji msimguse siku hiyo. Mishkaki, kuku wa kisasa na ndizi za kuchoma ndivyo vinavyowahi. Na kuhusu chipsi mayai niseme kwa msisitizo: ni chakula cha haraka kwa mtu mmoja. Kwa watu kumi kila sahani inasubiri zamu ya kikaango, na wa mwisho anapokula, wa kwanza ameshanawa mikono kitambo.

Kwa sababu hiyo mimi huagiza mapema. Nachukua namba ya mchomaji, na mara ya kwanza naenda mwenyewe mchana kumpa malipo ya awali mkononi, anione sura. Kwa kumi, kilo tatu za mbuzi, ugali na ndizi vinatosha, pamoja na kachumbari ya kutosha na pilipili pembeni. Mtu akishiba kupita kiasi onyesho lote atalilala.

Sasa suala ninalolijali kuliko yote. Kwetu kuna Waislamu, kuna Wasabato, kuna wasiokunywa kabisa. Baa yenye kitimoto huwa naiacha moja kwa moja, hata nikiahidiwa kwamba majiko ni mawili. Kisu kinaazimwa, kibao kinaazimwa, na mwenzako atakaa pale na wasiwasi akila ndizi tupu. Kisha kuna asiyependa kuketi baa hata kwa soda. Muulize kwa siri kabla hujatangaza mahali, usimlazimishe kujieleza mbele ya watu. Akisita, hamisha kundi zima kwenye kibanda cha kuku na chipsi chenye viti nje; mtakula vizuri vilevile na hakuna atakayejiona mgeni. Jumamosi, Msabato wako anaweza kutaka jua lizame kwanza, basi panga chakula kianze magharibi au kiwe baada ya onyesho.

Angalia pia ratiba ya ligi. Simba au Yanga wakicheza jioni hiyo, kila baa yenye televisheni imejaa, mchomaji hasikii simu, na meza uliyowekewa imeshakaliwa.

Saa nazipanga kwa kurudi nyuma. Onyesho saa 1, tunanyanyuka saa 12 na nusu, bili tunaiomba saa 12 na robo, nyama iko mezani saa 11 na nusu, kwa hiyo mchomaji aiweke motoni kuanzia saa 10 na nusu. Bili ni mbili, ya jikoni na ya kaunta. Fedha ya chakula naikusanya kwa simu siku moja kabla, kila mtu sawa. Vinywaji kila mmoja analipa chake papo hapo kinapoletwa. Utaratibu huu umetuondolea ule mjadala wa nani alikunywa nini huku bajaji inanguruma nje.

Na anayechelewa tusimsubiri. Sehemu yake namwambia mchomaji aifunge kwenye foili na kuiweka pembeni ya jiko, kwa sababu mlangoni pa ukumbi hawaruhusu kuingia na chakula. Mwenyewe aje moja kwa moja ukumbini, ataipitia tukitoka.