Mgeni halipi, mimi nakatwa asilimia 15: huo si ukiritimba?

Swali: Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita hapa Shela. Mtandao wa kuhifadhi vyumba hunikata asilimia 15 kwa kila mgeni, na mkataba unanikataza kuuza chumba kwa bei ya chini kwingine. Mgeni mwenyewe hatozwi chochote. Mamlaka ya Ushindani inaweza kuishusha kamisheni hiyo? (Mama mwenye nyumba, Lamu)

Jibu: Mama, kwa kamisheni yenyewe sikupi tumaini kubwa. Soko hili lina pande mbili, wageni huku na wenye nyumba kule, na mwenye mtandao hupanga bei za pande zote kwa pamoja. Mgeni ni mwepesi kuhama, kwa hiyo habebeshwi kitu. Mzigo unakuja kwako. Hilo peke yake si kosa. Wala ukubwa wa mtandao si lazima uwe wa hila; watu huvuta watu. Barazani Mkunguni mtu hakai penye nafasi, hukaa penye watu.

Kinachonikera ni hicho kifungu cha bei. Tuseme kesho unakuja mtandao unaokata asilimia 8. Ungempunguzia mgeni anayepitia huko, lakini umefungwa mikono. Bei ikiwa ileile kote, mgeni ahamie kwa lipi? Asipohama, nawe huhami, na huyo mpya anafia mlangoni. Ndiyo maana Ujerumani iliukataza mtandao wa Booking.com sharti kama hilo Desemba 2015. Mahakama ikalitengua katazo 2019, mahakama ya juu zaidi ikalirudisha 2021. Hapa kwetu pia, mwaka 2014, mawakala wa M-Pesa, waliokuwa wamefungwa kwa Safaricom pekee, waliachiwa kuhudumia kampuni nyingine.

Sheria ya Ushindani ya 2010 humhesabu mwenye nusu ya soko kuwa amelitawala. Lakini nusu ya soko gani? Wakili wa mtandao ataingiza na wageni wanaoletwa na manahodha wa boti pale jeti (ambao nao wana kamisheni yao, tusisahau), na mgao wa mtandao utayeyuka. Mimi ningepitia kifungu cha 21, kinachokataza makubaliano ya kupunguza ushindani. Hapo hulazimiki kwanza kuthibitisha ukubwa wa mtu.

Ukiiandikia Mamlaka malalamiko, ambatanisha mkataba na barua pepe yoyote inayokutishia kushushwa kwenye orodha. Kisha hesabu ya mwaka mzima: wageni wangapi walipitia mtandao huo, wangapi walipiga simu, wangapi walitokea jeti.