Ukitaka kutafiti vitamini D Mwanza, jifunze kupima kwanza

Nikitaja kazi yangu, swali linalofuata huwa lile lile: Mwanza na jua hili, vitamini D ya nini tena? Wadogo zangu mnaoniandikia mkitaka kuingia kwenye utafiti wa homoni, muwe na jibu kabla ya kuandika andiko, maana kamati ya maadili nayo itawauliza.

Langu ni hili: huwezi kusema mtu amepungukiwa kama hujui aliyetosheka ana kiasi gani. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walikuwa wakibishana kama nanomoli 50 kwa lita ya damu zinatosha au ziwe 75. Mwaka uliofuata vikachapishwa vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa hapa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao: wastani 115. Anayeshinda juani ana mengi ya kutufundisha, na wavuvi wetu nao hushinda juani.

Someni baolojia yake mpaka muweze kumweleza bibi yenu. Jua hutengeneza vitamini D kwenye ngozi, ini huibadilisha iwe umbo lile tunalolipima maabara, kisha figo humalizia na kuifanya kalisitrioli, ambayo ni homoni kamili: inasafiri kwenye damu na kuamrisha jeni ndani ya seli. Haya hayakugunduliwa na mtu mmoja. Kule Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, Harry Steenbock alimlea Hector DeLuca, na DeLuca akamlea Michael Holick. Umbo la kwenye ini lilitambuliwa katika maabara ya DeLuca mwaka 1968, na la kwenye figo likafafanuliwa mwaka 1971. Ndiyo maana nasema tafuteni msimamizi kabla ya kutafuta mada. Mada hubadilika katikati ya njia. Mtu wa kukufundisha kushika pipeti, kile kifaa cha kunyonyea na kupimia matone, vizuri ni shida kumpata ukishachelewa.

Sasa maabara, ambako utafiti mwingi hufia. Tuseme unachukua damu Nansio, Ukerewe. Meli ya kurudi mjini ni saa kadhaa, na joto unalijua. Vitamini D ile ya kwenye ini itaivumilia safari. Homoni ya parathairoidi, inayopanda vitamini D ikishuka, haitavumilia. Ukizitaka zote mbili, chukua damu kwenye tyubu ya kifuniko cha zambarau, izungushe kwenye sentrifuji hukohuko kisiwani, tenga maji ya juu (plazma) uyagandishe, ndipo uvuke. Mjini uwe na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, jenereta yenye mafuta, na mtu anayejulikana kwa jina wa kuiwasha umeme ukikatika Jumamosi usiku. Wafadhili wanapenda kulipia mashine. Dizeli hawaipendi, kwa hiyo iandikeni kwenye bajeti tangu mwanzo, na msione haya.

Na vizio vya vipimo navyo: maabara nyingine hutoa majibu kwa nanogramu kwa mililita. Zidisha kwa 2.5 upate nanomoli kwa lita. Linaonekana dogo, lakini 30 ya huku na 30 ya kule ni watu wawili tofauti kabisa kiafya. Na sampuli za utafiti mmoja zipimwe kwa njia moja, kwa sababu mashine mbili zinaweza kuipa damu ileile majibu mawili.

Kuhusu vidonge, punguzeni mahaba. Jaribio la VITAL la Marekani liliwafuatilia watu 25,871; waliopewa yuniti 2000 za vitamini D kila siku hawakupata saratani wala magonjwa ya moyo kwa uchache kuliko wenzao. Kijana anayetaka jina haraka huona hayo ni matokeo mabaya. Mimi naona ndiyo yanayostahili kuchapishwa.

Mada ninayowasukumia wengi ni kalsiamu, madini ya mifupa. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba watoto wenye matege kule Nigeria walipona vizuri zaidi kwa kalsiamu kuliko kwa vitamini D peke yake. Jua walikuwa nalo. Chakula ndicho kilichopungua. Sisi tuna dagaa, mboga inayoliwa na mifupa yake. Kwa hiyo kwenye dodoso msiishie kuuliza mtu anakaa juani saa ngapi. Ulizeni anakula dagaa mara ngapi kwa wiki, sahani ya mtoto inapata wangapi, na kama vichwa vinaondolewa kabla ya kukaangwa.